Boma la Katwe: Ngome ya udongo iliyosaidia kuamua mpaka wa Mpondwe

KILA siku ya soko, umati wa watu huvuka Mto Lhubiriha kati ya Mpondwe, upande wa Uganda, na Kasindi, upande wa Kongo. Huyu ana gunia la maharage kichwani, yule anasukuma baiskeli iliyolemewa na katoni za sabuni, mwingine amefunga vitenge kiunoni ili mikono ibaki huru. Wote wanajua mpaka uko wapi. Wanajua dirisha la forodha, wanajua kizuizi, wanajua ni askari gani mkali na yupi mpole.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mto huo ulikuwa na kila sababu ya kutokuwa mpaka. Kama mikataba ya wakoloni ingefuatwa neno kwa neno, mpaka ungepita jirani na Kikorongo, kilomita chache magharibi mwa mji wa Kasese. Katwe yote, Bwera yote na Mpondwe yenyewe vingekuwa ndani ya Kongo. Mfanyabiashara wa Bwera angelipa ushuru Kikorongo, si Lhubiriha.

Moja ya sababu kubwa zilizougeuza mpaka huo ni ngome iliyojengwa Katwe mwaka 1891. Haikuwa ya mawe, haikuwa na minara mirefu, wala haikujengwa na mfalme. Ilikuwa boma la udongo, na lilijengwa kwa ajili ya chumvi.

Nimepita njia ya Kasese kwenda Bwera mara nyingi, na kila mara naona abiria wakigeuza macho upande wa tembo na nyati wa Mbuga ya Queen Elizabeth. Safari hii nilikwenda Katwe kutafuta habari za boma hilo. Nawaandikia wanaovuka mpaka huu kutafuta riziki, na wale waliorudi makwao baada ya miaka ya ukimbizi, kwa sababu historia ya ngome hii ni historia yao pia.

CHUMVI KWANZA, NGOME BAADAYE

Ukisimama kwenye mwinuko wa Katwe utaona maziwa mawili. Upande mmoja ni Ziwa Edward, pana, la maji matamu, lenye samaki na viboko. Upande wa pili, ndani ya shimo la volkano ya kale, ni Ziwa Katwe, dogo, lisilo na mto unaotoka. Maji huingia na madini yake, jua huyakausha, na chumvi hubaki.

Ukingoni mwa ziwa hilo kuna mamia ya vidimbwi vilivyozungushiwa kingo za udongo na vijiti. Kila kidimbwi kina mwenyewe, na vingi vimerithiwa kutoka kwa baba na babu. Wakati wa kiangazi maji hukauka na chumvi huganda juu, ikachotwa. Katikati ya ziwa wanaume hupasua chumvi ya mawe kutoka chini na kuivuta ufukweni. Iliyo safi huenda jikoni, ile nzito huenda kwa wafugaji wa ng'ombe na watengeneza ngozi.

Kazi hii ni ya zamani kuliko serikali yoyote iliyopata kupeperusha bendera hapa. Kabla ya Wazungu, chumvi ya Katwe ilivuka Ziwa Edward kwa mitumbwi na kwenda upande ambao leo ni Kongo. Ilipanda kwa miguu kwenda Toro, Bunyoro, Nkore na Buganda, ikashuka kusini kuelekea Rwanda. Aliyeishika Katwe alishika mfuko ambao hauishi, maana mtu anaweza kukosa nguo mpya mwaka mzima, lakini chumvi hawezi kuikosa.

Ndiyo maana ziwa hili liligombewa. Toro ilijitenga na Bunyoro karibu mwaka 1830. Omukama Kabalega alipotawala Bunyoro kuanzia mwaka 1870, aliirudisha nchi hii mikononi mwake, na askari wake, Abarusura, wakakaa Katwe kusimamia chumvi. Chumvi na pembe za ndovu ndizo zilizompa Kabalega mali ya kubadilishana na bunduki kutoka kwa wafanyabiashara.

Mwaka 1889 Henry Morton Stanley alipita hapa akitoka kumchukua Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri katika jimbo la Ikweta. Msafara wake ulipokaribia, Abarusura waliondoka Katwe. Stanley aliliona ziwa la chumvi, akaandika habari zake, akaendelea na safari kwenda pwani. Hata hivyo, maandishi hayo yalisomwa Ulaya. Miaka miwili baadaye alikuja mwingine, na huyo hakuja kupita tu.

MFALME ALIYERUDI KUTOKA UKIMBIZINI

Kapteni Frederick Lugard aliingia Kampala Desemba 1890 akiwa mtumishi wa kampuni, si wa serikali. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa na hati ya kifalme na madeni mengi. Lugard alihitaji vitu viwili: askari na mapato. Askari aliwasikia wako magharibi, wale Wasudani wa Emin Pasha waliobaki nyuma Stanley alipoondoka. Mapato aliamini yako katika chumvi ya Katwe.

Katika safari yake ya mwaka 1891 alifuatana na kijana mmoja aliyekuwa mkimbizi Buganda. Kijana huyo ni Kasagama, mwana wa ukoo wa kifalme wa Toro. Familia yake ilikuwa imetawanywa na vita vya Kabalega, naye alikulia ugenini akingoja siku ya kurudi.

Lugard alimrudisha. Agosti 1891 Kasagama alitia saini mkataba na kampuni, akasimikwa kuwa Omukama wa Toro. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa mrejeaji aliyepata msaada wa mgeni mwenye bunduki. Alipata kiti chake, na mgeni akapata alichokifuata: ulinzi wa ziwa la chumvi na haki ya kulitoza.

Hapo ndipo lilipojengwa boma la kwanza katika nchi hii, juu ya mwinuko ulio kati ya ziwa la chumvi na Ziwa Edward. Lugard aliliita Fort George.

UDONGO BADALA YA MAWE

Msomaji aliyezoea kuona picha za Fort Jesus ya Mombasa atauliza: ngome gani hiyo isiyo na ukuta wa mawe? Jibu liko katika adui na katika muda.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia. Waswahili wana ngome, wana gereza na wana boma. Gereza ni neno tulilolitoa kwa Wareno, kwao lilimaanisha kanisa. Ngome yao ilikuwa na kanisa ndani, na baadaye ikawa kifungo, ndipo neno likahama. Ngome ni jengo imara la kujihami. Boma ni uzio: wa miiba, wa miti au wa udongo. Mfugaji hulaza ng'ombe ndani ya boma, na msafara wa bara ulilala ndani ya boma usiku. Mzungu alipofika, boma likawa ofisi ya serikali, na hadi leo sehemu nyingi za Afrika Mashariki mtu anayekwenda kwa mkuu wa wilaya husema anakwenda bomani.

Lugard alijenga boma. Ujenzi wa maboma ya aina hii ulikuwa na utaratibu wake. Kwanza unachagua mahali pa juu penye maji karibu. Unachora umbo ardhini, kwa kawaida lenye pembe, kisha unachimba handaki kulizunguka. Udongo unaotoka handakini hautupwi mbali, unarushwa upande wa ndani na kushindiliwa hadi uwe tuta refu. Kwa hiyo kazi moja inazaa vizuizi viwili: shimo nje na ukuta ndani. Juu ya tuta husimikwa nguzo zilizochongoka, na mbele ya handaki hutandazwa miiba.

Pembe za boma husukumwa nje kidogo ili askari aliyesimama pale aweze kupiga risasi sambamba na ukuta. Adui akiufikia ukuta hapati mahali pa kujificha. Ndani kuna vibanda vya nyasi vya askari na familia zao, ghala la chakula, na chumba cha baruti kinachofunikwa udongo mwingi kuliko vyote, maana nyasi hushika moto. Katikati ni mlingoti wa bendera.

Tuta la udongo humeza risasi. Mawe yangehitajika tu kama adui angekuwa na mizinga, na Abarusura hawakuwa nayo. Walikuwa na bunduki, mikuki na ujuzi wa nchi. Aidha, udongo hauhitaji mwashi wala chokaa, unahitaji majembe, vikapu na watu wengi. Boma kama hilo linaweza kusimama baada ya siku chache.

Mahali palipochaguliwa ndipo penye akili kubwa zaidi. Aliyekaa juu ya mwinuko ule aliwaona wachotaji wa chumvi kwa upande mmoja na mitumbwi ya wanunuzi kwa upande mwingine. Gunia lisingetoka Katwe bila kuonekana. Kwa maana hiyo Fort George ilikuwa ngome na kituo cha forodha kwa wakati mmoja.

MFANO KUTOKA MTO INDUS

Wazo hilo la kuweka ngome pale mali inapopita si la Lugard. Ni la kale, na mfano wake mzuri uko Bara Hindi, nchi ambayo yeye mwenyewe aliijua vizuri.

Kati ya mwaka 1581 na 1583, Akbar, mfalme mkuu wa nasaba ya Wamughal, alijenga ngome ya Attock kwenye ukingo wa Mto Indus, katika nchi ambayo leo ni Pakistan. Mahali hapo ndipo misafara ya kutoka Kabul na Peshawar ilipovuka mto kuingia Bara Hindi. Akbar alizungusha ukuta wa mawe wenye minara ya mviringo na malango, ukishuka kilimani kufuata umbo la ardhi hadi karibu na maji. Kazi yake ilikuwa kulinda kivuko. Anayekishika kivuko hahitaji kulinda mto wote.

Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1565 na 1573, Akbar alikuwa amejenga ngome kubwa ya mawe mekundu huko Agra, kando ya Mto Yamuna. Ile ilikuwa mji mzima ndani ya ukuta, yenye majumba ya kifalme na kuta mbili zilizofuatana. Attock haikuwa ya anasa. Ilikuwa ngome ya kazi, ngome ya mpakani. Ilipokamilika ilikuwa imebaki miaka 10 tu kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus, mwaka 1593, nao walimtumia mchoraji wao wa majengo ya Bara Hindi, Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Hivyo ngome yetu maarufu kuliko zote pwani na ngome ya Attock ni za kizazi kimoja.

Lugard alizaliwa Januari 1858 mjini Madras, ndani ya Fort St. George, ngome ya Waingereza. Ilikuwa miezi michache tu baada ya Waingereza kumwondoa madarakani mfalme wa mwisho wa Wamughal. Alipokuwa kijana alipigana katika vita vya Afghanistan vya 1879 hadi 1880, ng'ambo ya Mto Indus, upande ule ule ambao Attock ilijengwa kuulinda. Mtu wa malezi hayo anapofika Katwe na kuona ukanda mwembamba wa ardhi katikati ya maziwa mawili, hahitaji kufundishwa pa kuweka bendera.

Tofauti ni kwamba Akbar alijenga kwa mawe kwa sababu alikusudia kukaa na watoto wake watawale. Kampuni ya Lugard ilijenga kwa udongo kwa sababu ilihesabu gharama ya kila mwezi. Attock bado imesimama. Tuta la Katwe limekwenda na mvua. Lakini kwa mtu anayevuka Mpondwe leo, lile la udongo limeacha alama kubwa zaidi.

ASKARI WASIORUDI KWAO

Kutoka Katwe Lugard alielekea kaskazini akizunguka milima ya Rwenzori. Alijenga Fort Edward, akafika Kavalli karibu na Ziwa Albert. Huko aliwakuta Wasudani wa Emin Pasha wakiongozwa na Selim Bey. Walikuwa na askari mia kadhaa, lakini kila askari alikuwa na mke au wake, watoto, watumishi na wafuasi. Wote kwa jumla walikuwa takriban 8,000.

Watu hawa walikuwa wamekatika na kwao kwa miaka mingi. Misri ilikuwa imewaacha na njia ya mto Nile ilikuwa imefungwa na vita vya Mahdi. Lugard aliwachukua, akawapanga katika mlolongo wa maboma kando ya Toro, yakiwemo Fort Wavertree na Fort Lorne, ili wawe ukuta kati ya Kasagama na Kabalega.

Ni ukuta uliokuwa na matatizo. Askari hao hawakuletewa chakula cha kutosha, basi walikula kwa wanavijiji waliotakiwa kuwalinda. Mwaka 1893 Sir Gerald Portal, aliyekuja kukagua Uganda kwa niaba ya serikali ya Uingereza, aliamuru wengi wao waondolewe. Walipoondoka tu, majeshi ya Kabalega yakarudi. Kasagama, yule mrejeaji wa mwaka 1891, alikimbia tena, safari hii akapanda milima ya Rwenzori. Alirudishwa mwaka uliofuata.

Selim Bey hakupata kurudi kwao kabisa. Mwaka huo huo wa 1893 alishutumiwa kula njama, akakamatwa akiwa mgonjwa, na akafia Naivasha alipokuwa akipelekwa pwani. Mwaka 1897 sehemu kubwa ya wenzake waliasi kwa sababu ya mishahara midogo na safari zisizokwisha. Wajukuu zao ndio Wanubi wa Uganda na Kenya wa leo, watu wenye lugha yao ya Kinubi, waliogeuza kambi kuwa kwao.

Nawataja hapa kwa sababu anayesikia neno ngome hufikiri juu ya ukuta na kumsahau aliyelala ndani yake. Maboma ya Toro yalikaliwa na wakimbizi na yalimlinda mkimbizi.

MSTARI WA RAMANI NA MSTARI WA MTO

Sasa turudi Mpondwe. Mwaka 1885 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alipotangaza mipaka ya Dola Huru ya Kongo, upande huu aliuweka kwenye mstari wa longitudo ya digrii 30 mashariki. Mkataba wa mwaka 1894 kati yake na Uingereza uliuheshimu mstari huo huo. Ni rahisi kuchora mstari mezani. Tatizo ni kwamba katika miaka ile hakuna aliyekuwa na hakika mstari huo unapita wapi ardhini.

Kazi hiyo ilifanywa na tume ya wapimaji mwaka 1907 na 1908. Ilipokamilika, Waingereza walipata habari mbaya. Digrii 30 ilipita mashariki zaidi kuliko ramani nyingi zilivyoonyesha. Katwe iko magharibi yake, na Bwera pia. Boma la Lugard, ziwa la chumvi na nchi yote hadi Mpondwe, takriban kilomita 30 kwa mstari ulionyooka, vilikuwa upande wa Kongo kwa mujibu wa karatasi.

Hata hivyo Waingereza walikuwa wamekaa Katwe tangu mwaka 1891 na chumvi ya Katwe ilihesabiwa kuwa mali ya Toro. Kukaa huko kulikuwa hoja nzito. Mwaka 1910 pande hizo mbili zilikutana Brussels, wakaacha mstari wa digrii 30 na kufuata ardhi: kutoka Ziwa Edward kupanda Mto Lhubiriha, ambao wao waliuandika Lubilia, hadi kilele cha Margherita katika Rwenzori, kisha kushuka kwa Mto Lamia hadi Semliki. Mwaka 1915 makubaliano yakathibitishwa. Mboga, iliyokuwa ikiitazama Toro, ikaangukia Kongo. Katwe na Bwera zikabaki Uganda.

Waliokaa mezani Brussels walibadilishana nchi kama watu wanaobadilishana vitenge. Watu wa mlima hawakuulizwa. Wakonzo wa upande wa Uganda na Wanande wa upande wa Kongo ni watu wa lugha moja, wenye koo zinazofanana na makaburi pande zote mbili za mto. Siku moja walikuwa majirani waliotenganishwa na maji ya magotini, siku ya pili wakawa raia wa dola mbili.

Ndiyo maana hadi leo mama wa Bwera anavuka kwenda kumzika shangazi yake upande wa pili na kuulizwa karatasi. Ndiyo maana pia chumvi ya Katwe, iliyokuwa ikivuka ziwa bila kuuliza mtu, huitwa bidhaa ya kuuzwa nje inapokwenda Kasindi, Beni na Butembo.

NGOME HULINDA NINI?

Kuna somo hapa ambalo si la wapenda majengo ya kale tu. Ngome hulinda kile ilichojengewa. Fort George ilijengewa chumvi, na chumvi ikalindwa vizuri. Wanavijiji waliozunguka hawakuwa sababu ya ujenzi, na ulinzi wao ulikuja kama makombo ya mezani.

Tabia hiyo ya mpaka haikwisha bendera ilipobadilika. Tarehe 13 Novemba 1996, waasi wa ADF walivuka kutoka Kongo, wakaiteka Mpondwe na kuingia Bwera. Jeshi liliwarudisha nyuma, lakini vita vilihamia milimani na vikaendelea kwa miaka. Maelfu kwa maelfu ya watu wa Kasese na Bundibugyo walilala kambini, na wengi wa waliorudi walikuta mashamba ya kahawa yamegeuka pori. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wauaji wa kundi hilo hilo waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, mwendo mfupi tu kutoka mpakani. Watu 42 waliuawa, wengi wao wanafunzi.

Hakuna anayeweza kusema mpaka huu hauna walinzi. Kwa miaka yote hiyo mtu aliyebeba mitungi miwili ya mafuta alisimamishwa na kupekuliwa. Swali ambalo wafanyabiashara wa Mpondwe wana haki ya kuliuliza ni kama macho yale yanayouona mzigo wa kilo 20 yanamwona pia mtu mwenye bunduki gizani. Boma la mwaka 1891 liliwekwa mahali pa kuona magunia. Mpaka wa leo unatakiwa kuwekwa mahali pa kuona watu.

Mambo mengine yamekwenda vizuri. Juni 2021 marais wa Uganda na Kongo walikutana papa hapa Mpondwe kuzindua mradi wa barabara za kwenda Beni na Butembo. Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa karatasi, mto umeanza kuwa mwembamba tena. Kwa mfanyabiashara mdogo, upana wa mto bado unapimwa kwa muda anaosimama kwenye foleni na kwa kiasi kinachobaki mfukoni akimaliza.

KIFANYIKE NINI KATWE

Mji wa Katwe una makumbusho makubwa ya aina nyingine, nayo hayakukusudiwa. Ni mabaki ya kiwanda cha chumvi kilichojengwa na Wajerumani baada ya mradi kuanza katika miaka ya 1970. Mabomba yake yaliliwa na maji ya ziwa lile lile yaliyoletwa kuyachemsha, kikafa kabla ya kuzoeleka. Vyuma vyake vilivyoshika kutu huonekana kutoka mbali, wakati wachotaji wa vidimbwi wanaendelea na kazi ya babu zao hapo chini.

Watalii hupita Katwe. Huonyeshwa vidimbwi na rangi za maji, nayo ni haki yao. Nadhani wangepaswa kuonyeshwa na mwinuko wa boma, kwa jiwe moja la maandishi, kwa Kiswahili, Lukonzo na Kiingereza, likieleza nani alijenga, kwa nini, na nini kilifuata. Kampala waliamua jambo lao: katika kilima cha Old Kampala, alipojenga Lugard boma lake la mwaka 1890, sasa upo Msikiti wa Taifa uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, na mgeni anayepanda mnara wake huelezwa habari za kilima hicho. Katwe haihitaji jengo kubwa kama lile. Inahitaji mtu wa halmashauri mwenye kalamu, na mwalimu wa historia mwenye basi la shule.

Watoto wa Bwera hufundishwa tarehe za vita vya mbali na majina ya wafalme wa ng'ambo. Ni vema wayajue, na hata Akbar na mto wake wamjue. Lakini mtoto aliyezaliwa mita mia chache kutoka Lhubiriha anastahili kuelezwa kwa nini mjomba wake wa Kasindi anaitwa mgeni. Jibu la swali hilo linaanzia kwenye tuta la udongo juu ya ziwa la chumvi, nusu siku ya safari kutoka darasani kwake.

Wenye vidimbwi vya Katwe wana desturi ya kutengeneza upya kingo zao kila baada ya mvua, maana wanajua udongo usiposhikwa huondoka. Kumbukumbu nayo ni hivyo hivyo. Serikali za pande mbili zimeshaanza kupima barabara na kuhesabu magari ya mizigo. Katika hesabu hizo, watu wanaoishi kandokando ya mto huu wahesabiwe mapema kuliko magunia, kwa sababu mara ya kwanza, mwaka 1891, magunia ndiyo yaliyotangulia.